Bahari ya Bi Zuhura Pale Stesheni

Nyie vijana, mkimaliza kucheka mniambie nianze. Kila nikisema kazi yangu miaka ile ilikuwa kutunza bahari, tena hapa hapa Mpanda, naona mnaangaliana. Mmoja wenu juzi baada ya misa kaniuliza, "Mama Vero, bahari ipi, ile ya mbugani yenye viboko?" Hapana mwanangu. Bahari ya chumvi, yenye matumbawe, ndani ya kioo, sebuleni, kwenye nyumba za reli. Ukubwa wake kama tranka la mwanafunzi wa bweni. Nimeitunza mpaka wenyewe walipostaafu wakarudi kwao Tanga, na mimi nikastaafu nao, nikarudi kwenye cherehani yangu. Sasa nasikia kuna wawili watatu kati yenu mnataka kufuga samaki kwenye kioo. Basi kaeni. Ninayoyajua nitawaambia, na mengi nimeyajua kwa mgongo.

Mwenye bahari alikuwa Bi Zuhura, mke wa stesheni masta, Mzee Shomari. Mtu wa Tanga huyo, Mwislamu safi, swala tano, na mimi Mkatoliki wa jumuiya na kwaya, na hatujawahi kugombana hata siku moja kwa habari ya dini. Tumegombana kwa habari ya samaki. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho yote mawili. Alipohamia Mpanda alikuwa anaona mwanga na rangi zinazopita pita tu, kama unavyoona mtu nyuma ya pazia. Kwa hiyo mimi niliajiriwa kupika, kufagia, na kumsomea bahari. Ndivyo alivyosema mwenyewe: "Jioni uje unisomee bahari." Nakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, namwambia huyu kafanya hivi, yule kajificha, lile ua limefunguka. Yeye anasikiliza na chai yake ya tangawizi.

Mumewe alikuwa akimtania. "Mke wangu kanunua televisheni, haioni!"

"Naisikia inavyochemka," anajibu. "Wewe unaona na huelewi kitu."

Kweli alielewa. Baba yake Tanga alikuwa akikusanya samaki wa mapambo kwa ajili ya wafanyabiashara, na yeye amekua ameingiza mikono kwenye matangi. Alikuwa akishika jiwe anajua hili liko hai, hili limekufa. Na hilo ndilo somo la kwanza: bahari ya kwenye kioo inajengwa na mawe, samaki ni wageni tu. Mawe yetu yalikuja na treni kutoka Dar, ndani ya boksi, yamefungwa magunia mabichi. Mzee alikuwa na marafiki kwenye behewa la gadi, basi mawe yanasafiri kama bwana mkubwa. Yakifika, kitu cha kwanza ni kuyanusa. Jiwe zuri linanuka pwani, harufu ya chumvi na majani. Likinuka yai viza, usiliingize ndani. Kuna vitu vimekufa kwenye matundu yake. Liweke kwenye ndoo ya maji ya bahari kivulini, badilisha maji, subiri, nusa tena.

Halafu subiri nyingine. Hapa ndipo nyie mtakaposhindwa, nawajua. Mtaweka maji asubuhi, jioni mnataka samaki. Maji mapya yana utoto. Yanachafuka, kioo kinaota ukahawia, halafu ukijani, unasema nimeharibu. Hujaharibu. Bi Zuhura alidumbukiza kipande cha kamba wa baharini kioze mle makusudi, nikadhani mama wa watu kachanganyikiwa. Kumbe kuna vidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu, navyo vinahitaji chakula ili viongezeke. Ukitia samaki kabla hao hawajaongezeka, samaki anakufa kwa mkojo wake mwenyewe. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, nilielewa upesi: huwezi kupewa kitabu cha pili hujamaliza cha kwanza.

Mikono. Usiingize mkono wenye sabuni. Usiingize mkono wenye mafuta ya kujipaka. Mchanga usichote mtoni, hata kama ni mweupe unavutia, utatia tope maji yote. Na kioo usikisugue kwa kitambaa cha jikoni. Chukua wembe mpya, kwangua polepole, na upande unaotazama ukuta uache na ukijani wake, konokono waule.

Sasa chumvi. Chumvi nilijifunza kwa ulimi, na nilijifunza mwezi wa Ramadhani. Miezi mingine Bi Zuhura alikuwa anachovya kidole, anaonja, anatema, anasema iko sawa. Ulipoingia mfungo, mchana haonji. Akaniita.

"Mama Vero, leo ulimi ni wako."

"Bi, mimi nitajuaje?"

"Chukua ile chupa ya maji ya baharini niliyoifunga. Onja hayo. Sasa suuza mdomo, onja ya kwenye kioo. Yanafanana?"

"Yote machungu, Bi!"

"Machungu ndiyo, mwanangu. Swali langu yanafanana?"

Mfungo mzima nikaonja. Kufika Idi nilikuwa najua. Ilipokuja Kwaresima nikamuuliza padri kama kuonja maji ya samaki kunavunja mfungo wangu. Akaniuliza, "Unameza?" Nikasema natema. Akacheka mpaka akashika mlango wa kanisa.

Lakini ulimi unachoka, kwa hiyo tukatengeneza kipimo. Chukua ganda la kalamu, toa wino, tia vipande vidogo vya misumari chini, ziba huku na huku kwa nta ya mshumaa, pasiingie tone la maji. Lielee kwenye yale maji ya kweli ya baharini. Pale maji yanapoishia, viringisha uzi mwekundu. Basi. Chumvi ikizidi, kalamu inapanda, uzi unatoka nje ya maji. Chumvi ikipungua, uzi unazama. Kitu hicho nilikitumia mpaka mwisho.

Wageni sasa! Stesheni ni stesheni, mtu akisubiri treni anatafuta pa kupotezea muda. Walikuwa wanapiga hodi kuja kuiona bahari. Tulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanalala ndani ya ua moja la nyama lenye vidole vidole, hawaachani. Tukawaita Maharusi. Kulikuwa na mmoja wa njano, mwembamba kama sahani, na kaa wadogo wanaokaa kwenye magamba ya konokono. Siku moja akaja mzee mmoja mfugaji kutoka Kasansa, na fimbo yake, akasimama akaangalia sana.

"Hawa mnawala lini?"

"Hawaliwi, baba. Ni wa kuangalia."

"Wa kuangalia." Akazunguka upande wa pili. "Wanatoa maziwa?"

"Hawatoi."

"Na huyu jike, mahari alitolewa ng'ombe wangapi?"

"Walikuja wameshaoana, baba."

"Aa," akasema, "ndiyo maana wanakaa kwenye nyumba ya wengine." Bi Zuhura huko kitini kwake alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kosa kubwa la kwanza mle ndani alilifanya Mzee Shomari, na alilifanya kwa mapenzi. Nilikuwa kwetu Nsemulwa, namuuguza mwanangu. Jua la Mpanda mnalijua, mwezi wa tisa maji yanakauka ndani ya kioo huku unaona. Mzee akaona yamepungua. Akafikiri: maji ya chumvi yamepungua, basi chumvi nayo imepungua. Akachukua maji ya bomba, akakoroga chumvi ya Uvinza, ile ile ya mboga, akajazia. Tena akaonja, akaona mambo mazuri! Siku iliyofuata akarudia. Niliporudi kaa wote wamejifungia kwenye magamba, ua limenywea kama soksi, na kalamu yangu imesimama juu ya maji kama inataka kuondoka.

"Mzee, umefanyaje?"

"Nimewaongezea bahari."

"Mzee, mchuzi ukikauka jikoni unakuwaje?"

"Unakuwa na chumvi."

"Sasa ukitaka kuurudisha, unatia chumvi au maji?"

Kutoka chumbani tukasikia, "Mjibu! Mjibu Mama Vero!"

Shikeni hilo. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Maji yakipungua kwa jua, rudisha maji matamu, bila chumvi, na yaliyo bora ni ya mvua. Usikinge kwenye bati, bati lina kutu na mavi ya ndege. Weka beseni la plastiki uwanjani, wazi. Maji ya baharini unayahitaji pale tu unapochota ya zamani kutupa. Na ukiwa umekosea, usirekebishe kwa ndoo. Toa kikombe, tia kikombe, pumzika, rudia kesho. Tuliwaokoa wote.

Basi, zikatoka habari Dar: Bi Zuhura kapata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Dada yake akaja kumchukua. Siku ya kuondoka, mizigo iko mlangoni, Mzee anapiga kelele treni haimsubiri mke wa mtu, yeye amesimama ameweka kiganja kwenye kioo.

"Mama Vero."

"Bee, Bi."

"Mimi hii bahari sijawahi kuiona. Nimeishika tu na umenisomea. Mungu akijalia nikarudi na macho, nataka niikute."

"Utaikuta, Bi."

"Usiniambie hivyo kunifurahisha."

"Utaikuta. Kwa uwezo wa Mungu."

Nikaenda zangu jikoni nikapiga ishara ya msalaba, maana nilikuwa nimeshajifunga.

Akaondoka. Mvua zikaanza. Mvua za mwaka ule wanazikumbuka wakubwa wenu, tuta la reli lilikatika huko mbele, reli ikabaki inaning'inia kama kamba ya nguo. Mzee Shomari akapanda kiberenge na mafundi kwenda kwenye kazi, nikabaki mimi na samaki. Treni hakuna, maji ya baharini hakuna. Hilo halikunitisha, mvua nilikuwa nayo ya kujazia beseni elfu. Kilichonitisha ni mashine za umeme wa mji. Zinakunywa dizeli, na dizeli inakuja kwa treni. Asubuhi moja naingia sebuleni, kimya. Pampu ya upepo imekufa. Ule mchemko ambao Bi Zuhura alikuwa akiusikia siku zote, haupo. Maharusi wako juu kabisa, midomo nje, wanahema.

Samaki anavuta hewa iliyo ndani ya maji, na maji yaliyotulia hewa yake inaisha. Mchana kuna nafuu, mawe na matumbawe yakipata jua la dirishani yanatoa vipovu vyenyewe. Lakini jua lenyewe la mvua ni lipi? Nikachukua kikombe. Nachota, nanyanyua juu, namimina, yale maji yakianguka yanabeba upepo. Nachota, nanyanyua, namimina. Mpaka mchana mkono umekuwa wa mtu mwingine.

Siku hiyo ilikuwa ya jumuiya, tunasali nyumba kwa nyumba. Nikatuma ujumbe kwamba mimi siji, njooni nyie huku. Wakaja, na vitenge vyao na rozari. Mama Kristina, mwenyekiti wetu, akaona kikombe.

"Mama Vero, tumeombea mvua, tumeombea wagonjwa, tumeombea mtihani wa darasa la saba. Leo samaki?"

"Leo macho ya mtu, mama. Samaki ni wa kwake."

Nikamwambia habari yote. Akavua saa, akakunja mkono wa gauni. "Tupange zamu. Fungu moja la rozari mtu anamimina, fungu linalofuata anapokea mwingine. Asiyemimina aitikie kwa sauti." Hivyo ndivyo tulivyofanya. Salamu Maria, mimina. Salamu Maria, mimina. Ukisikia mtu anaharakisha sala ujue mkono umechoka. Mama Kristina anamkata: "Polepole, mama, Bikira hana haraka, na samaki nao wanahema."

Ila huwezi kusali rozari mpaka asubuhi kila siku, watu wana nyumba. Tukiwa katikati nikamkumbuka Masanja fundi baiskeli, pale chini ya kibanda cha bati Nsemulwa. Nikaacha zamu kwa wenzangu, nikakimbia na mvua.

"Masanja, nataka upepo."

"Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Ni wa samaki."

Akaweka chini spana. "Mama, nimejaza baiskeli, nimejaza mkokoteni, nimejaza mpira wa watoto. Samaki ana tundu wapi?"

Nilipomweleza akaacha utani, maana fundi ukimpa shida mpya umempa sikukuu. Alikuwa na mpira wa ndani wa lori la tumbaku, mkubwa, umezibwa viraka. Akakata valvu ya baiskeli iliyochakaa, akaibandika kwenye ule mpira kwa solusheni, ukawa na valvu mbili: moja ya kujazia, moja ya kutolea. Kwenye ya kutolea akang'oa sindano ya ndani. Mimi nikapitia kwa jirani yangu nesi, akanipa mpira wa dripu mpya uliobaki, ule wenye kigurudumu cha kupunguzia. Tukauchomeka hapo, tukafunga kwa mpira wa tyubu. Mwisho wake tukaweka kile kijiwe chenye matundu cha ile pampu, kinachotoa vipovu. Tukajaza mpira kwa pampu ya baiskeli mpaka ukawa kama ndama aliyeshiba, tukalaza gunia la mahindi juu yake ili usukume vizuri. Nikafungua kigurudumu kidogo.

Vipovu! Wanawake wakapiga vigelegele kama harusi.

"Usifungue sana," Masanja akasema. "Ukifungua sana, upepo utaisha kabla ya usiku."

Basi ikawa hivyo. Jioni tunajaza mpira, mimi nalala. Asubuhi mpira umelegea, jumuiya wanaingia na vikombe. Chakula nikapunguza, karibu na hakuna, maana samaki akila sana anachafua, na mimi maji ya kubadilisha sina. Msiogope kumnyima samaki, anavumilia. Kinachomuua ni huruma yako. Kila jioni nilikaa kwenye kigoda nikasoma bahari kwa sauti, chumba kitupu. Mazoea tu. Yule wa njano siku moja alisimama pembeni, akalala ubavu, na hakuamka. Nikamzika chini ya mpapai. Nililia, msicheke. Nilikuwa najua neno nililompa yule mama.

Reli ikatengenezwa. Treni ya kwanza ikaja imejaa watu mpaka mlangoni, na dizeli, na Bi Zuhura. Ameshuka na miwani ya vioo vizito kama kitako cha chupa, ameshikwa na dada yake lakini anamvuta dada yake. Nikasogea.

"Shikamoo, Bi."

Akasimama. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Vero? Kwa ile sauti nilijua ni jitu!"

Hakutaka chai, hakutaka kukaa. Aliingia moja kwa moja, akaupita mpira wa lori na gunia la mahindi bila kuuliza, akaenda kuweka uso kwenye kioo mpaka miwani ikagonga. Mzee Shomari akasimama mlangoni, kofia mkononi. Jumuiya yote iko dirishani inachungulia. Ua limefunguka, Maharusi wanaingia na kutoka.

"Wa njano?"

"Amekufa, Bi. Upepo ulipokatika. Nilijitahidi."

"Inna lillahi." Hakugeuka. Alikaa hivyo, pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo, anafuta kwa mtandio, anaangalia tena. Nikaanza kujieleza, habari ya tuta, ya dizeli, ya rozari. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Njoo hapa. Hiki nini?"

Nikainama. Sioni kitu. Akaweka ukucha kwenye kioo, upande ule wa ukutani niliokuwa siukwangui. Pale kwenye ukijani kulikuwa na kijinyota cheupe, kidogo kama punje ya dengu, kina mikono yake mitano, kinatembea. Pembeni yake kingine. Juu kingine. Kioo kizima upande ule kimejaa nyota.

"Viti vya pweza hivi, vitoto," akasema. "Hivi havizaliwi kwenye maji yaliyokufa. Hukuwahi kunisomea hivi hata jioni moja! Wewe mwenye macho mazima, muda wote huo ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa namimina, Bi."

Akacheka, akanishika mkono, ule wa kumiminia, akaninyanyua kidole akakiweka kwenye kioo. "Basi leo kaa," akasema. "Leo nakusomea mimi."